Amini na Nyumba ya Korongoni

Wamesimulia wale waliotutangulia katika kheri, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba hapo zamani katika nchi ya milima palikuwa na mji mdogo ukiitwa Thaniya. Mji huo haukuwa na sultani wala askari. Nyumba zake zilijengwa kwa mawe ubavuni mwa mlima, moja juu ya nyingine, hata mtu akikaa mlangoni kwake aliona nafaka iliyoanikwa juu ya paa la jirani yake wa chini. Watu wake walilima shayiri na zabibu, wakafuga mbuzi, na kwa mambo yao yote ya pamoja walimchagua mtu mmoja, wakamwita Amini wa mji.

Amini hakupewa ujira. Kila baada ya swala ya Ijumaa aliketi katika ua wa msikiti juu ya ngozi ya mbuzi, na mbele yake likatandikwa jamvi moja tu, mshtaki na mshtakiwa wakakaa juu yake magoti yakigusana. Ilikuwa mwiko kumsema mtu asiyekuwepo. Mimi huona sharti hilo peke yake lingemaliza nusu ya kesi za miji yetu, maana wengi wetu tuna ufasaha mkubwa wa kumsema aliye mbali, na akiingia tunamuuliza habari za watoto.

Lakini ajabu ya Thaniya ilikuwa ni nyumba ya Amini. Kando ya mji palikuwa na korongo refu. Mvua ikinyesha kileleni, maji yalishuka humo kwa nguvu pamoja na mawe na magogo. Wazee wa mwanzo walijenga ukuta juu ya mji, kwenye mdomo wa korongo, ili maji yageuke yaende upande wa pili kusiko na watu. Mawe ya ukuta huo wakayapaka chokaa, apate kila mtu kuyajua na asiyaguse, na wakaweka sheria kali kwamba mwenye kuondoa jiwe la ukuta atahama mji na jamaa zake. Kisha chini kabisa, ndani ya korongo lenyewe, mahali ambapo maji yangefika kwanza ukuta ukipasuka, wakajenga nyumba moja, wakasema kuwa hiyo ndiyo nyumba ya Amini. Anayekabidhiwa mji akae pale, yeye na ahali zake, mpaka amana itoke mikononi mwake.

Hawakufanya hivyo kwa chuki. Ukuta ule ulihitaji kutengenezwa kila mwaka kabla ya mvua, na Amini ndiye aliyetangaza Siku ya Ukuta, ambapo kila nyumba ilitoa mtu, na hapakuwa na udhuru isipokuwa ugonjwa. Wazee walijua tabia ya mwanadamu. Walitaka siku hiyo itangazwe na mtu ambaye hawezi kuisahau.

Katika zama za kisa hiki Amini alikuwa Thumama bin Wabisa, fundi wa kushona matandiko ya punda, mtu mpole mwenye hofu ya Mungu. Hakuwa msemaji sana. Ndugu wawili waliwahi kumjia wakigombania mtini uliokuwa mpakani mwa mashamba yao, akawaambia waende kwanza wakachume tini pamoja, kisha warudi awaamue. Hawakurudi. Miaka ikapita naye akiwa Amini, na watu wakampenda mapenzi ya kweli, kwani hapakuwa na nyumba ambayo hakuwahi kuikalia matanga au kuipatanisha.

Mkewe aliitwa Bi Atika. Hawakujaaliwa mtoto, na walipendana. Sasa nyumba ya korongoni ilikuwa na unyevu. Hata wakati wa kiangazi mkeka ukiachwa chini siku chache ulifanya ukungu. Bi Atika akapata maradhi ya kifua. Alikohoa asubuhi, akakohoa akipika, na aliposimama kuswali jirani aliyekuwa kando yake alimsikia akivuta pumzi kama mtu anayepanda mlima. Hakuwahi kulalamika. Alisema tu kwamba kila mja ana mtihani wake, na wake umekuja na sauti.

Watu walipoona hali hiyo waliingiwa na huruma. Mkubwa wa wazee wa baraza alikuwa Sheikh Kinana, mtu wa heshima na mwenye mashamba makubwa ya shayiri chini ya korongo, naye ndiye aliyekwenda kwa Thumama na wenziwe nyuma yake. Wakamwambia kwamba iko nyumba tupu juu, karibu na msikiti, yenye jua tangu asubuhi hadi alasiri, wamekwisha kuifagia, na wanataka ahamie. Thumama alikataa. Akawakumbusha desturi. Ndipo Sheikh Kinana akamjibu neno ambalo wote waliliona zuri.

"Wazee waliweka desturi ile kwa viongozi wanaohitaji kukumbushwa," alisema. "Wewe si mtu wa kukumbushwa."

Ndugu zangu, mimi maneno ya namna hiyo nayaogopa kuliko matusi. Matusi hukufanya ujitazame. Maneno haya hukufanya ukae.

Thumama alimtazama mkewe, ambaye wakati huo alikuwa amegeukia ukutani akijizuia asikohoe mbele ya wageni, na moyo wake ukalainika. Wakahamia juu. Na ile nyumba ya chini, ili isikae bure, akapewa Bi Umaima, mjane wa mrina asali aliyeanguka jabalini akafa. Yeye na binti zake wawili walikuwa wakilala katika ghala la kaka yake, baina ya magunia. Aliposhushiwa vyombo vyake katika nyumba yenye mlango na jiko, alilia, akamwombea Amini dua mbele za watu. Kila mtu akarudi kwake siku hiyo akijiona amefanya mema mara mbili. Na kwa hakika nia zilikuwa njema; sitaki mtu anayesoma kisa hiki amdhanie vibaya mtu wa Thaniya.

Huko juu Bi Atika alianza kupata nafuu. Kikohozi kikapungua, rangi ikarudi usoni, akaanza tena kusuka vikapu kizingitini juani. Thumama aliendelea na kazi yake kama kawaida, akahukumu kwa haki, akazuru wagonjwa, hakubadilika hata kidogo katika mambo ambayo watu huyaona.

Ikatokea siku moja, kabla ya mvua, Bi Umaima akapanda mpaka nyumba ya juu. Alimkuta Amini na wageni. Akasubiri hadi walipoondoka, akamweleza kwamba tangu juzi mawe ya ukuta yanaporomoka, na mengine yamefika hadi mlangoni kwake. Upepo ukivuma husikia changarawe ikimiminika huko juu. Thumama alimsikiliza kwa adabu yake ile ile. Akamwambia Inshallah litatazamwa. Akamfungia zabibu kavu awapelekee watoto. Umaima akashuka ameridhika, na Thumama akaenda kuswali alasiri, na baada ya swala wakamjia watu waliopotewa na kondoo, na baada yao mtu mwengine, na lile jambo likamtoka kichwani. Hakulipuuza. Alilisahau kabisa, na huo ndio msiba wenyewe.

Siku ya Ukuta ilipokaribia, wazee wakamwomba aiahirishe kidogo kwa sababu shayiri ilikuwa imewiva na mikono haitoshi. Akatazama mbingu kutoka dirishani, akaiona safi, akakubali. Shayiri ilipovunwa, Sheikh Kinana alikuwa na harusi ya mjukuu wake, akaomba isogezwe tena. Akakubali. Zamani, alipokuwa korongoni, hakuna mtu aliyethubutu kumwomba jambo hilo, wala yeye asingeweza kulisikia.

Mvua ikaja kabla ya siku yake. Ilianza asubuhi ya Jumatatu, na kufika adhuhuri maji yalipenya palipobomoka ukuta yakashuka korongoni. Bi Umaima alipandisha binti zake juu ya paa, akarudi ndani kuokoa unga, maji yakamfika kiunoni. Mwenyezi Mungu akapenda mvua ikakatika, na roho tatu zikasalimika. Lakini unga wote ulikwenda, matandiko yakaenda, na chini zaidi shamba moja la Sheikh Kinana lilifunikwa na mawe. Ukuta ulibaki umesimama kwa shida, na wingu jingine lilikuwa limekaa kileleni likingoja.

Watu waliposhuka kutazama, waliona jambo lililowashtua. Katika kizingiti cha Bi Umaima palikuwa na mawe yaliyopangwa kuzuia maji, na upande mmoja wa kila jiwe ulikuwa mweupe kwa chokaa. Mawe ya ukuta. Sheikh Kinana aliyaona, akatazama shamba lake, akasema kwa sauti ya huzuni kwamba sasa imejulikana ukuta umebomoka kwa nini. Habari ikaenea kabla hawajafika juu. Mashtaka yakapangwa Ijumaa, na kila mtu alijua sheria: mjane na binti zake watahama mji katika msimu wa mvua, waende wasikokujua.

Thumama aliposikia, ndipo alipokumbuka. Simulizi inasema alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama. Alhamisi akamwendea Sheikh Kinana, akamweleza yote: kwamba Umaima alikuja, kwamba alimwambia mawe yameanguka yenyewe, kwamba yeye alisahau. Kinana alimsikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu mwovu, na hilo ndilo lililofanya ushauri wake uwe mzito. Alimwambia kwamba mji huu unasimama kwa sababu watu wanamwamini mtu mmoja, na mtu huyo akijivunjia heshima mbele ya jamvi, nani atawapatanisha kesho? Mjane, alisema, yeye mwenyewe atamtafutia mahali pazuri katika vijiji vya bondeni, kwa watu anaowajua, wala hatapata shida. Kisha akaongeza kwa upole kwamba Amini akikiri, watu watamrudisha korongoni, na amfikirie Bi Atika.

Thumama akarudi nyumbani. Bi Atika alikuwa kizingitini na kikapu mapajani. Alimwona uso wake, akamuuliza, naye akamwambia yote, hata neno la Kinana juu ya afya yake, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetafuta ruhusa. Bi Atika akaweka kikapu chini.

"Kifua hiki ni mtihani wangu mimi, na nitaulizwa mimi nilivyosubiri," alisema. "Usikichukue ukakifanya udhuru wako."

Alisimama akaanza kukunja mikeka, kwa sababu alimjua mumewe, na alijua kwamba kesho watashuka.

Ijumaa ua wa msikiti ulijaa. Thumama alikaa juu ya ngozi, na mbele yake kwenye jamvi wakakaa Sheikh Kinana na Bi Umaima, binti zake wamemshika nguo nyuma. Kinana akatoa mashtaka. Umaima akakubali kwamba mawe ya kizingitini ni ya ukuta, lakini akasema hakuyatoa ukutani. Aliyakuta mlangoni kwake yameporomoka, akayapanga kujikinga. Akaulizwa kama ana shahidi.

"Ninaye," alisema, akainamisha kichwa. "Lakini alinitendea wema, akanipa nyumba nilipokuwa sina. Sitamtaja yeye asipojitaja."

Watu wakanong'ona, wakadhani anababaisha. Thumama alikuwa amekuja na azma yake, lakini wanasema pale juu ya ngozi alisita. Aliwatazama wale watu ambao kila mmoja alikuwa na sababu ya kumpenda, akaona ni vigumu kuyaacha mapenzi hayo yote kwa neno moja. Kisha akamtazama mwanamke yule ambaye alikuwa tayari kufukuzwa mjini ili asimwaibishe. Akaona haya. Akainuka juu ya ngozi, akashuka, akawaambia waliokaa kwenye jamvi wasogee, akakaa kati yao.

"Shahidi wake ni mimi," alisema. "Alinijia kabla ya mvua akaniambia ukuta unaporomoka. Nikampa zabibu, nikasema Inshallah, nikasahau. Kisha mkaniomba niahirishe Siku ya Ukuta, nikaahirisha mara mbili, kwa sababu nilichungulia dirishani nikaona mbingu safi. Nilipokuwa korongoni sikuwa nikitazama mbingu. Nilikuwa nikisikia changarawe inadondoka kila upepo ukivuma, na silali mpaka ukuta utengenezwe. Huyu mama hana kosa. Anayehukumiwa leo ni mimi."

Hapana aliyewahi kuona ngozi ile imebaki tupu na Amini kwenye jamvi. Mtu mmoja akauliza sasa nani atahukumu, na Sheikh Kinana, ambaye uso wake ulikuwa umebadilika kabisa, akasema kwa sauti ndogo kwamba ahukumu aliyedhulumiwa. Wakamgeukia Bi Umaima. Wengi walitarajia atasema amesamehe, kama tunavyotarajia kwa wanyonge siku zote, ili tupate kurudi majumbani kwetu tukiwa na raha.

Bi Umaima alifikiri kidogo. "Mimi sitaki atoke katika uamini," alisema. "Nataka ashuke korongoni. Nimekaa pale muda mfupi tu na nimejua kwa nini wazee walimweka pale. Mimi nilisikia changarawe, lakini sina ngozi ya kukalia wala sauti ya kuwaita watu. Yeye anayo, basi na asikie." Kisha akasema tena, "Ila Bi Atika asishuke. Akae juu pamoja nami na watoto mpaka mvua ziishe. Mimi nitamhudumia kwa mikono yangu."

Hukumu ile haikupingwa na mtu. Na watu hawakuingia majumbani. Walitoka msikitini moja kwa moja kwenda kwenye ukuta na nguo zao za Ijumaa, manyunyu yakianguka, wakapanga mstari kutoka korongoni hadi juu na kupitishiana mawe mkono kwa mkono. Yale ya kizingiti cha Bi Umaima yalipanda ya kwanza. Sheikh Kinana alifanya kazi pamoja nao hadi viganja vikachubuka, akaombwa apumzike akakataa, na kila alipoulizwa kwa nini hasemi kitu alijibu kwamba amesema ya kutosha juma hili.

Kabla ya magharibi ukuta ulisimama. Thumama akaagana na mkewe. Inasemekana walicheka, kwa sababu Bi Atika alimwambia ajifunze kupika bila kuunguza sufuria. Akashuka korongoni na mkeka wake kichwani. Alipokuwa akitandika, mlango ukabishwa. Alikuwa Sheikh Kinana, naye ana mkeka.

"Mimi ndiye niliyekupandisha, na mimi ndiye niliyekuambia unyamaze," alisema. "Nipishe nafasi."

Lile wingu lililokuwa kileleni likafunguka keshoye baada ya alasiri, mvua kubwa kuliko ile ya kwanza. Wazee wawili wale walikaa ndani ya nyumba yenye unyevu, mlango wazi, wakisikiliza. Waliyasikia maji yanakuja, yakinguruma, yakifika kwenye ukuta. Kinana alishika mkono wa mwenziwe. Kisha waliyasikia yakigeuka, yakienda upande wa pili wa mlima, mbali, mbali, mpaka ikabaki sauti ya matone kwenye paa. Wakaanguka kusujudu wote wawili.

Thumama aliendelea kuwa Amini hadi kufa kwake, na hakuna aliyemwona mdogo kwa yale aliyoyasema kwenye jamvi. Kila mvua zilipoisha, Bi Atika alishuka na vikapu vyake akakaa na mumewe katika kiangazi, na kila mawingu yaliporudi, Bi Umaima alimpandisha. Wazee wa baraza nao wakaweka desturi mpya, kwamba msimu wa mvua ukiingia watalala korongoni kwa zamu pamoja na Amini, mmoja baada ya mwengine, wenye mashamba na wasio na mashamba.

Ndugu yangu msomaji, watu wa Thaniya hawakukosea kwa ubaya. Walimpenda mtu mwema, wakamwondoa mahali penye shida, na mahali pale ndipo alipokuwa akisikia. Kama wewe ni mkubwa wa watu wowote, hata wa nyumba yenye watu watatu, jiulize leo ni nani anayelala chini ya ukuta wako, na je, unamsikia kutoka hapo ulipo? Na kama umekwisha kusahau, basi usikate tamaa, kwa maana aliyesahau akasema kweli mapema aliukuta ukuta ungali unajengeka.

Ewe Mola wetu, ukitupa amana ya waja wako, usitupe pamoja nayo raha ya kutuziba masikio. Na tukikosa, tujaalie ulimi wa kusema "ni mimi" kabla hajafukuzwa asiye na kosa. Amin.